Simu Ambayo Haikulia

Nyumbani,
Jumatatu asubuhi.

Kwako mwanangu mpendwa, Mchokonozi wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mama yako. Natumai barua hii itakukuta mzima, umelala vizuri na umekula kitu cha moto, siyo yale mambo yenu ya kula umesimama huku jicho liko kwenye kompyuta. Kifua chako kinaendeleaje? Ule ubaridi wa mashine ofisini kwenu wameupunguza, au bado unavaa sweta ndani na kulivua nje? Uniambie, maana jambo hilo hunijia nikiwa napiga pasi, nikajikuta nimesimama tu na pasi mkononi.

Baba yako anakusalimu sana. Yuko hapo mlangoni na viatu vya watu, goti limempa nafuu kidogo. Lile sikio lake la kushoto bado ni lile lile, anajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Jana nilimuuliza kama amekunywa dawa, akanijibu kwamba soli za mpira zimepanda bei. Kaka yako anakusalimu. Wifi yako anakusalimu. Mtoto naye hajambo, ananyonya, analala, amekuwa mzito. Jirani yetu Mama Ukuta anakusalimu kwa namna ya pekee, maana kalamu hii ni yake na karatasi ni zake. Alinisikia kupitia ukutani nikifungua na kufunga makabati natafuta pa kuandikia, akaja navyo kabla sijamwomba. Yule bwana wa benki mwenye mashati meupe, mteja wangu, naye huwa anakuulizia. Kwa ufupi sote huku ni wazima kabisa, hatuna neno, hofu ni kwako wewe uliye mbali.

Nimeyasoma hayo niliyoandika nikaona mkono umeandika wenyewe, kama ulivyozoea. Siyakati kwa kalamu, nisije nikaichafua karatasi ya watu. Ila usiyaamini yote.

Utajiuliza kwa nini mama anaandika barua wakati simu zipo, na hasa mama huyu ambaye mtoto wake ndiye anatengeneza hizo simu. Mwanangu, nimekupigia mara nyingi wiki hizi. Lakini nikisikia tu sauti yako ikisema mama hamjambo, mdomo wangu unajibu hatujambo, kisha unaniuliza habari za mvua nakuambia habari za mvua, kisha salio linakwisha, na mimi nafurahi kwamba limekwisha. Ndiyo maana nimeona bora niandike. Dereva wa mizigo anayepeleka suti za yule bwana anaondoka leo jioni, ameniahidi kukufikishia mkononi kabla ya keshokutwa. Mimi kuandika siyo kazi yangu, darasa lenyewe nililiacha mapema unajua, lakini karatasi hainiulizi hali, kwa hiyo naweza kuiambia mambo.

Uliambiwa kwamba umekuwa shangazi. Hilo ni kweli, tena mtoto ana vidole virefu kama vyako, nadhani naye atakuja kufungua redio za watu. Uliambiwa pia kwamba wifi yako amekwenda kwao kupumzika baada ya kujifungua. Kwamba amekwenda kwao ni kweli. Hayo ya kupumzika ni maneno yetu. Amekwenda kwao na hataki kurudi kwa kaka yako, na sababu yake ni simu.

Nikuambie ilivyokuwa, maana najua kaka yako hakukueleza. Yeye alikupigia akakuuliza swali moja tu la tochi, akakata. Aliona aibu.

Ule mfumo mpya wa simu mlipoutoa kwa watu wote, kaka yako alikuwa wa kwanza mtaani kuuweka kwenye simu yake. Akawa anawaonyesha mafundi wenzake, anawaambia humu ndani yumo dada yangu. Wakamtania kwamba basi amwambie dada atoke amsaidie kushika bomba. Alikuwa na kazi kwenye chumba cha pampu, chini ya lile jengo refu lililo mtaa wa nyuma ya kwake. Kazi hiyo aliichagua kwa makusudi, ingawa malipo yake hayakuwa mazuri, kwa sababu siku za mkewe zilikuwa zimekaribia. Alimwambia wifi yako kwamba wewe ita tu, mimi nitakuwa mlangoni kabla hujakata simu. Na unamjua kaka yako akiahidi.

Huko chini hakuna mwanga. Mafundi wa mabomba wana mtindo wao, simu anaichomeka kwenye mfuko wa shati, kioo kimegeukia kifuani, tochi inamulika mbele, mikono inabaki huru. Ndivyo alivyokuwa asubuhi nzima, tochi inawaka, anafungua pampu.

Uchungu ukamshika wifi yako akiwa peke yake. Akapiga. Simu ikaita. Akapiga tena, ikaita tena. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wamesema labda chini ya jengo hakuna mtandao, lakini mtandao ulikuwepo, upande wake alisikia inaita, tena inaita vizuri mpaka inakatika yenyewe. Hakunipigia mimi, hakumpigia mama yake. Alikuwa ameambiwa kuna mtu mmoja atakayekuja, akawa anampigia huyo huyo. Mwishowe akashuka ngazi kwa kukaa, kidato kimoja baada ya kingine. Aliyemkuta chini ni yule muuza gesi, akampakia kwenye pikipiki yake ya matairi matatu katikati ya mitungi, akamkimbiza hospitali huku anapiga honi njia nzima. Wodi hawakuifikia. Mtoto alizaliwa pale mapokezi, kwenye benchi, mlinzi wa mlangoni ameshika khanga kuzuia macho ya watu.

Mtoto mzima, mama yake mzima, namshukuru Mungu kila nikiamka. Mtaani wameshampa mtoto jina la Mtungi. Sisi tulicheka. Kwa wakwe zetu hawakucheka.

Kaka yako alimaliza pampu, akapanda juu, akazima tochi. Hapo ndipo simu ilipomwonyesha kwamba mkewe alimpigia, na kumpigia, na kumpigia, jina lake limejipanga kutoka juu hadi chini ya kioo. Alikimbia mpaka nyumbani akakuta ufunguo kwa jirani. Akakimbia hospitali na ile ovaroli yake yenye matope, wauguzi wakamzuia mlangoni. Alipoingia, wifi yako alimuuliza tu alikuwa wapi. Akasema kazini. Akamuuliza simu je. Akasema haikulia. Wifi yako akageukia ukutani, na mpaka wanatoka hospitali hakumsemesha.

Tulikwenda kwa wakwe, mimi, baba yako na kaka yako, kumwomba arudi. Baba yake, kama unavyokumbuka, ni fundi wa mizani, mtu ambaye haamini kitu mpaka akipime. Alitupokea kwa heshima, tukapewa viti vizuri. Kaka yako akaeleza yote, kwamba anadhani ni tochi, kwamba tochi ikiwa inawaka simu haiiti. Mkwe wetu hakubisha. Aliomba simu, akawasha tochi yeye mwenyewe, akaiweka mezani katikati yetu, akachukua simu yake akapiga.

Ikalia, mwanangu. Ikalia ule wimbo wake wa ngoma kwa sauti ya juu kabisa, mpaka mtoto chumbani akashtuka akaanza kulia naye. Mkwe akaiacha iite mpaka mwisho. Kisha akazima tochi, akamrudishia kaka yako simu kwa mikono miwili, akasema inalia vizuri tu.

Kaka yako aliigeuzageuza mkononi. Ndipo akakumbuka kwamba kule hospitali, wakati anasubiri kuruhusiwa kuingia, simu ilimletea ujumbe wa masahihisho na maboresho madogo, akabonyeza kukubali bila kusoma. Ikajitengeneza. Alijaribu kulieleza hilo pale pale, lakini we fikiria mtu anaeleza kwamba simu yangu ilikuwa mbovu siku ile moja tu, sasa imepona. Shangazi yake wifi yako, yule mwenye mdomo, akasema ameona mengi lakini hajaona fundi anayezibua mabomba ya mji mzima huku masikio yake mwenyewe yameziba. Baba yako hakusikia vizuri, akacheka kwa adabu, maana aliona watu wamegeuka kumtazama. Nilitamani ardhi inifunike.

Kulikuwa na kaka mkubwa wa wifi yako, yule karani. Naye siyo mtu mbaya. Alifungua kwenye simu yake ule ukurasa wenu, ule unaouandika wewe kwa Kiswahili, wa matatizo yanayojulikana na namna ya kuyakwepa. Akausoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma wasia. Ukikuta picha haigeuki, zima simu uwashe. Ukikuta maandishi yamekuwa makubwa ghafla, ingia pahali fulani ubonyeze fulani. Mpaka wameandika kwamba kile kialama cha betri rangi yake inaonekana imefifia kwa baadhi ya watu, wavumilie, itarekebishwa. Nilijisikia fahari kwa jinsi ulivyoandika, maneno yako yanaeleweka. Alipofika mwisho akauliza kwa upole, watu walioandika hadi rangi ya kialama, wangeacha kuandika simu isiyolia?

Ndipo kaka yako akasema amekuuliza wewe. Hakuwa na la kuficha, akasema ukweli wote: kwamba ulimjibu tochi ilijaribiwa miezi kabla mfumo haujatoka, na aliyeijaribu ni mama mwenyewe, kwa simu ya majaribio uliyomtumia. Watu wote wakageuka wakanitazama mimi. Waliniuliza, na nikajibu. Nitafika kwenye jibu langu, usiniharakishe.

Wifi yako alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mtoto begani. Alisema kuchelewa alishamsamehe siku ile ile. Angemwambia alikuwa amechoka, angemwambia aliiona simu akadhani anaagizwa nyanya, angekasirika siku mbili yakaisha. Lakini amemwambia jambo ambalo simu inamkana, na dada yake anamkana, na mama yake mzazi anamkana. Akasema hawezi kulea mtoto na mtu anayemdanganya kwenye siku kama ile halafu anamtazama machoni. Baba yake akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mwanamume asiyetaka kusema alikuwa wapi huwa alikuwa mahali. Tulirudi nyumbani, baba yako ndiye peke yake aliyekuwa anasema, akisifia viti.

Tangu hapo kaka yako analala kwetu, kwenye godoro lako. Anakwenda kazini na kurudi. Ovaroli anafua mwenyewe, hataki nimpigie pasi. Hajanilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniua. Anasema labda mama ulipoijaribu ilikuwa nzima ikaja kuharibika baadaye, mashine ni mashine. Ananitafutia udhuru, mwanangu, huku anakunywa chai niliyompikia.

Sasa jambo la kukutisha ni hili. Jumamosi hii wakwe wametuita tena kumaliza maneno. Na baba yako amemshauri kaka yako aseme tu kwamba aliisikia simu akaipuuza. Akubali, aombe radhi, alipe wanachotaka, achukue mkewe, maisha yaendelee. Kaka yako alikataa siku nyingi. Jana jioni amekubali. Amesema bora awe mpuuzi aliye na mke na mtoto kuliko mkweli aliye peke yake. Anajifunza maneno ya kusema, namsikia akiyarudia bafuni huku maji yanamwagika. Mtu ambaye hajasema uongo, anajifundisha kuusema, ili aaminiwe.

Nyinyi kwenye ukurasa wenu mnaita hiyo njia ya kukwepa tatizo. Mfumo ni mbovu, lakini ukipita huku, ukabonyeza pale, unafika. Mimi nazijua njia hizo kuliko wote ofisini kwenu, na hapa ndipo nafika kwenye langu. Nimenyanyuka mara mbili nikaenda kugeuza nguo ambazo hazihitaji kugeuzwa. Basi naandika.

Mwanangu, kaka yako hakudanganya. Simu ile ilikuwa hailii tochi ikiwaka. Nilijua kabla yake, kabla yako, kabla ya mtu yeyote.

Ile simu ya majaribio ulipoituma, siku za mwanzo tu niliingia nayo stoo ya chini ya ngazi kutafuta mashati ya bwana wa benki, tochi inawaka. Nikakaa humo muda. Mama Ukuta akaja kugonga, akauliza kwa nini sipokei simu, mwanao amenipigia mimi anauliza kama uko salama. Nikatazama, kweli ulikuwa umenipigia na sikusikia hata mtetemo. Tukashangaa, tukaijaribu mimi na yeye. Nikiwasha tochi anapiga, kimya. Nikizima anapiga, inalia. Tulicheka sana siku hiyo, Mama Ukuta akasema simu imekuwa kama baba yako, ukiipa kazi moja haisikii nyingine. Kuanzia hapo nikawa naingia stoo na ile taa ya betri ya zamani. Nilizoea, nikawa hata sikumbuki kwamba ni tatizo.

Na mengine yalikuwepo. Kengele ya kuamsha ilikuwa hailii mpaka niishike simu mkononi, yaani ilikuwa inaniamsha nikishaamka. Nikawa naamshwa na kikohozi cha Mama Ukuta. Ikichajiwa inakuwa ya moto, nikawa naiweka juu ya sahani iliyofunikwa. Baba yako akipiga inatokea picha ya fundi wa mafriji. Yote hayo nilikuwa na dawa zake, na yote sikukuambia.

Ulikuwa unanipigia kila Jumapili, unaniuliza mfumo unaendaje mama, nakujibu unaendelea vizuri mwanangu, hauna neno. Uliuliza kimoja kimoja. Kamera, nikasema safi. Betri, nikasema safi. Na swali lile uliniuliza kabisa, nalikumbuka nilikuwa nimesimama wapi, nilikuwa nakunja shuka la mteja. Uliuliza kama simu inaita nikiwa nimewasha tochi. Nikakujibu inaita, mwanangu, inaita vizuri sana. Ukasema asante mama, wewe ndiye mjaribu wangu bora. Nikafurahi jioni nzima.

Kwa nini, utaniuliza. Nimejiuliza pia. Uliniambia wakubwa zako walicheka uliposema utampa simu mama anayepiga pasi, na wewe ukanipigania. Nikaogopa nikisema hiki hakifanyi, watasema yule mama hajui kutumia simu. Lakini kubwa zaidi ni kazi yangu ilivyonifundisha. Mimi nguo ikirudishwa ina alama, ni aibu yangu. Miaka yote nimeombea nguo zisirudi. Nikadhani na wewe ni hivyo, kila kasoro nitakayoitaja ni shati linalorudi mikononi mwako mbele ya wakubwa zako. Nilidhani nakufichia. Sikuelewa kwamba ulinituma nitafute alama za moto, kwamba kila niliyoificha ndiyo uliyokuwa unaihitaji. Hilo nimelielewa kwa karani yule, alipokuwa anasoma ukurasa wako kwa sauti. Kila tatizo alilosoma kulikuwa na mtu mahali fulani aliyekuwa mwaminifu kuliko mimi.

Sasa jibu langu pale kwa wakwe. Waliponigeukia, mkwe aliniuliza moja kwa moja kama niliijaribu na kama ilikuwa inalia. Kaka yako alinitazama kwa matumaini, kama alivyokuwa ananitazama utotoni akiwa amevunja kitu na mimi ndiye shahidi. Nilikuona wewe, nikaiona kazi yako, nikawaona wakubwa zako wakicheka. Nikasema niliijaribu, na ilikuwa inalia. Nilikufichia wewe mara ya pili, na safari hii nilimlipia mtoto wangu mmoja kwa mwingine.

Ile simu bado ninayo, ndani ya kabati la nguo za wateja, imefungwa kwenye foronya. Masahihisho haikuyapata, maana uliniambia nisiiguse mpaka unielekeze. Jana kaka yako akiwa kazini niliitoa. Nikawasha tochi, Mama Ukuta akapiga akiwa kwake. Kimya. Akanipigia kelele kupitia ukutani kwamba kwake inaita. Nilikaa kitandani na ile simu mkononi inawaka kama jua dogo, mwenzangu anapaza sauti inaita, inaita, na mimi sisikii kitu.

Ninaweza kuibeba Jumamosi nikaiweka mezani kwa mkwe, apime. Nikisema kwa mdomo mtupu hawataniamini, watasema mama amebadilisha maneno kumwokoa mwanawe, na ningekuwa wao ningesema hivyo hivyo. Lakini uliniambia simu hiyo ni mali ya ofisi, uliweka sahihi kwamba haitaonyeshwa kwa watu wa nje. Na karani yule atauliza, na atawaandikia ofisini kwenu, na watajua kwamba majaribio uliyowapelekea kwa jina lako hayakuwa ya kweli. Sijui watakufanya nini. Silali nikiliwaza hilo.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, usingoje waambiwe na mtu mwingine. Ingia wewe kwa mkubwa wako, umwambie mama yangu alinidanganya, ukitaka mpe barua hii aisome, hata akicheka mwandiko. Mwambie tatizo la tochi lilikuwepo kwenye toleo la kwanza, wakubali kuliandika kwenye ule ukurasa, maana kuna watu wengine wenye simu ambazo hazijabonyezwa kukubali, na sijui nani anawapigia saa hizi. Na njia ya kulikwepa waandike hivi: usitumie tochi ya simu mahali ambapo mtu anakutegemea. La pili, unitumie neno kama naweza kuibeba ile simu au niiache kabatini. Simu ndiyo naiombea ruhusa. Kusema nitasema, uwe umenijibu au hujanijibu. Jumamosi kabla kaka yako hajafungua mdomo, nitaomba kutangulia, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, na nitawaambia ilikuwa hailii na nilijua. Wakikataa kuniamini, angalau yeye atajua kwamba mtu mmoja mle chumbani anamwamini. Sijamwambia bado. Naogopa kumwambia nikiwa naye peke yangu, mama yako ni mwoga, nadhani umeshaelewa.

Mwanangu, unisamehe. Ukikasirika, una haki, na usinifichie hasira yako ukaniambia hujambo.

Baba yako ameniuliza naandika nini kirefu hivi, nimemwambia naandika habari za nyumbani, akanijibu gundi imekwisha. Mama Ukuta anasema nikusisitizie kwamba na yeye alikuwepo siku ya kwanza, akihitajika kuwa shahidi atakuja, ameshanyoosha gauni. Msalimie yule rafiki yako mnayekaa naye, msalimie na mkubwa wako, hata baada ya haya. Vaa sweta.

Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumamosi. Dereva analala huko usiku mmoja tu, unaweza kumpa karatasi. Au ukiona ni haraka zaidi piga simu, lakini piga ya kaka yako, maana hiyo sasa inalia. Inalia vizuri mno, na kila ikilia anaacha alichokishika anaikimbilia, hata jina halisomi. Kwa hiyo akipokea tu, kabla hata ya kumsalimia, mwambie haraka kwamba ni wewe.

Ni mimi mama yako anayekupenda,
Mama.